Uliza Fundi: Umebadili ekzosti, umefunga Power Commander, sasa nini?

Toleo lililopita tuligusia pikipiki za injekta (zinazopuliziwa mafuta kwa umeme, sio kwa kabureta) zinazofungwa ekzosti za wazi na mkaandika sana, nashukuru. Barua nyingi zimeangukia sehemu moja, Power Commander, kile kiboksi cha umeme kinachokaa chini ya siti na kuingilia kazi ya injekta. Nimechagua zile zinazogusa wengi, zingine zilikuwa zinafanana nimeziunganisha.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Yamaha MT-07, nimeichukua kwa mtu ikiwa tayari imefungwa ekzosti nzima ya wazi, yaani kuanzia mabomba ya mbele kwenye injini mpaka silensa. Inakimbia vizuri ila resi ya chini inashtukashtuka, na ukiachia resi inapiga mafataki. Rafiki yangu ameniuzia Power Commander V aliyoitoa kwenye pikipiki yake, anasema ni kuchomeka tu na kuondoka. Je naweza kufunga mwenyewe nyumbani? Spana ninazo zote. — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kufunga mwenyewe inawezekana kabisa ndugu yangu, ila kabla hujafungua hata boliti moja muulize huyo rafiki aliitoa kwenye pikipiki gani na ya mwaka gani. Hivi viboksi kwa nje vinafanana lakini kila kimoja kinatoka na waya na konekta za pikipiki fulani, na ndani kina programu ya pikipiki hiyo hiyo. Kina stika yenye namba, chukua hiyo namba angalia kwenye tovuti ya Dynojet ambao ndo watengenezaji uone ni ya pikipiki ipi. Kama ilikuwa ya pikipiki nyingine usilazimishe, usikate konekta ukaunga waya kwa kukisia rangi, mrudishie akurudishie hela yako. Nimeona waya za pikipiki nzuri zikiharibiwa hivo na kuzirudisha sawa ni kazi kubwa kuliko bei ya kifaa chenyewe.

Tuseme ni yenyewe. Sasa elewa kinachofanya, maana ukielewa hapo hata kufunga kunakuwa rahisi. Kontroli boksi ya pikipiki inapiga hesabu ya mafuta kisha inaiambia injekta ifunguke kwa muda fulani, muda mdogo sana wa milisekunde chache. Kiboksi chako kinakaa katikati, kinapokea ile amri, kinaangalia umefungua resi kiasi gani na injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, halafu kinarefusha au kinafupisha ule muda kabla ya kuipa injekta. Kama kontroli boksi imesema milisekunde 4 na wewe umeandika ongeza asilimia 10, injekta itafunguka 4.4. Basi, kazi yake kubwa ni hiyo. Hakigusi kontroli boksi ya asili, hakifuti kitu ndani yake, ukikitoa pikipiki inarudi ilivyokuwa, na hiyo ndo sababu mimi nakipenda kwa mtu anayeanza.

Kwenye kufunga, injini iwe imepoa. Toa siti, toa waya hasi wa betri, kisha fungua zile kava za pembeni na boliti za tenki. Hapa kuwa mpole, bomba la mafuta la pikipiki ya injekta lina presha ya karibu bar 3 hata ikiwa imezimwa, kwahiyo kama utalazimika kulichomoa liweke kitambaa, fanyia nje penye hewa na pasiwe na mtu anavuta sigara karibu. Mara nyingi hauhitaji kutoa tenki lote, unaliinua tu na kulikinga kwa kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa.

Ukishaona injekta, unachomoa konekta yake ya asili, unachomeka ya kiboksi kwenye injekta, na ile ya asili inaingia kwenye upande wa pili wa waya wa kiboksi. Kwa hiyo unakuwa umeweka kiboksi katikati ya njia. Pikipiki yako ina silinda mbili, usije ukachanganya ya kwanza na ya pili, weka alama kwa tepu kabla ya kuchomoa. Baada ya hapo ni sensa ya throto (inayosoma resi) na sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini), kutegemea toleo la waya ulilonalo, karatasi ya maelekezo inaonyesha kwa picha. Kama karatasi imepotea tovuti yao inayo bure, ipakue, usifanye kwa kichwa.

Waya wa ethi ndo unaosumbua watu wengi. Upeleke moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri, usiufunge kwenye boliti ya fremu iliyopakwa rangi. Ethi ikiwa mbovu kiboksi kinapata umeme unaoyumba, pikipiki inaweza kugoma kuwaka au ikawaka ikawa inakata kata, na wewe utaanza kulaumu mapu (lile jedwali la namba za kuongeza au kupunguza mafuta) wakati tatizo ni boliti moja.

Kukiweka chenyewe, chini ya siti pakiwa na nafasi ni pazuri zaidi. Kibandike kwa velkro yenye gundi kwenye sehemu uliyoifuta na spiriti, halafu waya zifunge na zip tai. Mbali na ekzosti, mbali na koili ya plagi, na konekta zielekee chini ili maji yasikae ndani. Kabla hujafunga zip tai ya mwisho geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, shusha tenki polepole, kaa kwenye siti, hakikisha hamna waya unaobanwa. Waya uliobanwa chini ya tenki utafanya kazi vizuri tu kwa muda, kisha siku moja unakatika ukiwa unapita lori, hiyo ndo hatari ninayoiogopa mimi kwenye kazi hii kuliko kitu kingine chochote.

Ukimaliza, usipakie mapu yoyote ya nguvu. Anza na mapu ya sifuri, yaani namba zote 0. Washa. Pikipiki inatakiwa itembee sawasawa kabisa na ilivyokuwa kabla ya kufunga, na mafataki yake yote. Ikiwa na tabia mpya basi kosa liko kwenye ufungaji na unarudi kuangalia konekta. Ukipita hapo ndo unaunganisha laptopu kwa waya wa USB, unaenda kwenye sehemu ya kukalibreti throto ili kiboksi kijue resi iliyofungwa ni volti ngapi na iliyofunguliwa yote ni ngapi. Hii hatua watu wanairuka sana halafu wanashangaa mapu haifanyi kazi, kumbe kiboksi kinadhani uko asilimia 5 wakati uko 0.

Na kwa mafataki yako soma swali la msomaji wa Tanga hapo chini.

SWALI: Mkuu, nilishafunga kiboksi kwenye pikipiki na kinafanya kazi, nimefungua programu kwenye laptopu nimekuta jedwali kubwa limejaa namba, nyingine zina kasoro mbele. Nimedownload mapu ya mtu aliyeko Ulaya mwenye ekzosti kama yangu, ni salama nikiipakia? Huku sijaona mtu mwenye daino. — Kijana wa Sakina, Arusha

JIBU: Namba za juu zinazotoka kushoto kwenda kulia ni resi umefungua asilimia ngapi, inaanza 0, 2, 5, 10 mpaka 100. Zile za pembeni zinazoshuka ni mizunguko ya injini, zinapanda kwa 250. Ukiwa unakwenda taratibu mjini uko kule kushoto, kwenye 2 mpaka 10, na huko ndo unaishi muda mwingi. Wengi wanahangaika na safu ya 100 kwa sababu ndo ya mbio, lakini hebu fikiria mwenyewe ni mara ngapi kwa wiki unafungua resi yote mpaka mwisho. Namba ikiwa 8 maana yake umeongeza mafuta asilimia 8 hapo, ikiwa kasoro 5 umepunguza.

Mapu ya mtu mwingine unaweza kuipakia kama mahali pa kuanzia, nakubali hata mimi nafanya hivyo. Lakini angalia mambo ambayo yeye anayo na wewe huna. Filta ya hewa ni ileile? Silensa ina kizuizi ndani au kimetolewa? Alichomoa sensa ya oksijeni, ile inayosoma moshi kwenye ekzosti? Injekta zako zimeshawahi kusafishwa? Pikipiki mbili za modeli moja zenye kilomita tofauti hazinywi mafuta sawa.

Kipimo tunachokitafuta ni uwiano wa hewa na mafuta. Kwa petroli ya kawaida uwiano unaochoma kila kitu bila kubaki ni 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, kwa uzito. Kiwandani pikipiki nyingi wanaziweka karibu na hapo kwenye mwendo wa kawaida kwa ajili ya moshi na kwa ajili ya kale kakikopo ka kusafisha moshi kwenye ekzosti. Injini inatoa nguvu zaidi ikiwa kwenye kama 13 hivi ukifungua resi yote. Ukishuka 12 na chini yake unaanza kupoteza mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli isiyochomeka inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ukipanda juu ya 15 ukiwa umebeba mzigo au unapanda mlima, injini inachemka na hapo ndo pistoni zinapotoboka.

Sasa hizo namba huwezi kuziona kwa macho wala kwa sikio, mtu asikudanganye. Inatakiwa kupimwa. Daino, yaani mashine ya kupimia injini, inapima ukiwa umesimama, pikipiki inazungusha rola yenye mzigo na sensa iko kwenye ekzosti, fundi anapita chumba kimoja kimoja cha jedwali. Kama haipo karibu, njia nyingine ni kununua kile kifaa cha ziada wanakiita Auto Tune, kinakuja na sensa ya oksijeni ya aina pana ambayo inasoma uwiano halisi, sio ile ya kiwandani inayojua tu mengi au machache. Unaifunga, unaandika uwiano unaotaka, unaendesha kama kawaida, na chenyewe kinapendekeza marekebisho. Ukirudi nyumbani unayaangalia kwanza kwenye laptopu kabla ya kuyakubali, na pendekezo lolote la kuongeza au kupunguza asilimia 20 mimi huwa nalishuku, mara nyingi linaonyesha kuna hitilafu mahali.

Tafadhali usiendeshe huku laptopu iko kwenye begi mgongoni imewashwa na wewe unachungulia skrini. Nimeambiwa kuna watu wanafanya.

SWALI: Niaje fundi. Mimi niko Nairobi, nduthi yangu ni KTM 390 Duke. Nimefunga autotune na inaniongezea mafuta kila siku, ukikubali inaongeza tena, plagi zimekuwa nyeusi tii na harufu ya petroli imejaa. Jamaa mmoja amenishow ni kwa sababu ya altitudo, ati mapu ilitengenezwa chini Mombasa. Ni ukweli? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Altitudo sio mwizi wako hapa. Ni kweli Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa huko ni nyepesi, injini inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, hilo hakuna kiboksi kitakurudishia. Lakini kontroli boksi ya injekta ina sensa ya presha ya hewa, inajua uko juu na inapunguza mafuta yenyewe, halafu kiboksi chako kinaongeza asilimia zake juu ya hiyo hesabu iliyokwisha kurekebishwa. Kwahiyo mapu nzuri ya Mombasa inabaki kuwa karibu nzuri Nairobi. Kabureta ndo inateseka na mlima.

Wewe una ekzosti inayovuja, nina uhakika mkubwa. Ona inavyokuwa. Kwenye ungio kati ya bomba la mbele na silensa, au kwenye gasketi pale kwenye injini, kuna mwanya mdogo. Moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba linavuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Ile oksijeni ya nje haijaondoka, kesho inaiona tena inaongeza tena. Injini inazama kwenye mafuta na sensa bado inalia njaa.

Washa ikiwa baridi, ziba mdomo wa silensa kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, sikiliza na upitishe mkono kwa mbali kwenye maungio, utasikia inapumua. Pulizia maji ya sabuni uone mapovu. Badilisha gasketi, kaza klampu, kisha futa marekebisho yote uliyokubali na uanze upya kutoka mapu ya mwanzo.

Ukiwa hapo angalia pia sensa imechomelewa wapi. Ikiwa karibu na mwisho wa silensa itavuta hewa ya nje hata bila kuvuja. Inatakiwa kukaa kwenye bomba la mbele na ielekee juu kidogo, angalau nyuzi 10 kutoka usawa, ili yale maji yanayotengenezwa ndani ya ekzosti ikiwa baridi yasiingie kwenye sensa. Sensa ya moto ikimwagikiwa na tone la maji ndani inapasuka na itaanza kusoma uongo. Badilisha na plagi pia, hizo zilizokuwa nyeusi zitakuchanganya ukitaka kuzisoma.

SWALI: Ukiachia resi inapiga pa pa pa kama risasi, polisi wamenisimamisha. Nimeongeza mafuta kwenye safu ya 0 mpaka 25 na bado. — Msomaji, Tanga

JIBU: Rudisha hiyo 25, ni nyingi mno. Ukiachia resi kwenye mwendo pikipiki nyingi za injekta zinakata mafuta kabisa, na asilimia 25 ya sifuri ni sifuri, ndo maana huoni tofauti. Mafataki yanatoka kwenye mafuta kidogo yaliyobaki yakikutana na hewa mpya ndani ya ekzosti yenye moto. Kwahiyo tafuta hiyo hewa inaingia wapi. Kwanza maungio ya ekzosti kama nilivyomweleza wa Kasarani. Pili, pikipiki nyingi zina mfumo wa kupuliza hewa safi kwenye tundu la ekzosti kusaidia kuchoma moshi, kuna mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda juu ya kava ya valvu. Kwa ekzosti ya kiwandani hausikii kitu, kwa ekzosti ya wazi ndo hiyo bunduki. Kuna vifuniko vinauzwa vya kuziba hapo, ila ujue unazidisha moshi mchafu, na kama unapaki karibu na watoto hilo lina uzito.

Silensa yenyewe ukiirudishia kile kizuizi cha ndani mambo mengi yatatulia, pamoja na polisi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina Boxer 150. Kuna mtu anapita kijiweni anauza chipu ya kuongeza speed na kupunguza mafuta, na mwingine anauza CDI ya racing. Kipi kizuri kwa pikipiki ya kazi? — Dereva, Mbagala

JIBU: Marahaba. Hivyo viwili achana navyo, hela yako weka kwenye kitu kingine nitakutajia.

Boxer yako ni ya kabureta. Haina injekta, haina kontroli boksi ya mafuta, kwahiyo kiboksi chochote cha umeme kinachosema kinarekebisha mafuta hakina pa kushika. Mafuta yako yanapimwa na jeti na sindano ndani ya kabureta, vitu vya shaba na chuma. Hizo chipu za kuchomeka watu wameshapasua za namna hiyo wakakuta ndani kuna taa na vipande vichache vya umeme visivyounganishwa na kitu chochote cha maana, taa inawaka unadhani inafanya kazi.

CDI ni kiboksi kinachopanga cheche ya plagi, na ile ya racing kweli inafanya kitu. Inawahisha cheche na mara nyingi inaondoa limita ya mizunguko. Lakini wewe unabeba abiria na magunia, unapanda kilima na resi nusu injini ikiwa moto. Cheche ikiwahi sana kwenye mzigo mafuta yanalipuka kabla pistoni haijafika juu, utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo, huo mlio unakula kichwa cha pistoni na beringi za kranki. Na limita iliwekwa ili springi za valvu ziwahi kufunga, ukiitoa na ukapiga resi mpaka mwisho valvu inaweza kukutana na pistoni.

Pikipiki ya kazi inayokunywa mafuta mengi au iliyopoteza nguvu mimi naanzia kwenye filta ya hewa, mazingira yetu ya vumbi yanaziba filta haraka sana. Kisha klirensi (nafasi) ya valvu, plagi, choki kama inarudi yote, breki kama haishiki yenyewe (inua tairi uizungushe kwa mkono, utashangaa wangapi wanaendesha na breki imekamata), cheni, upepo wa tairi. Baada ya hapo ndo unafungua kabureta, unasafisha jeti kwa hewa sio kwa waya, maana waya unapanua tundu na hapo umeshabadili kipimo cha kiwanda bila kujua. Skrubu ya hewa irekebishwe injini ikiwa ya moto. Haya yote fundi mzuri wa mtaani anayamaliza asubuhi moja.

SWALI: Nina Pulsar NS200 ya injekta. Nimeona kifaa cha India kinachomekwa kwenye sensa ya oksijeni, na kingine cha bei ndogo sana kinachomekwa kwenye sensa ya joto la hewa. Vyote wanaandika vinaongeza nguvu. Tofauti ni nini? — Msomaji, Nyamagana, Mwanza

JIBU: Swali zuri sana hili, na nimefurahi umeuliza kabla ya kununua.

Cha bei ndogo ni rezista, kipande cha umeme cha kawaida kabisa. Sensa ya joto la hewa ukinzani wake unapanda hewa ikiwa baridi. Ukiongeza rezista, kontroli boksi inadhani uko kwenye baridi kali, na hewa baridi ni nzito, kwahiyo inaongeza mafuta kidogo kila mahali bila kuchagua. Mahali pasipohitaji inaongeza, mahali panapohitaji sana haitoshi. Na ukiwa kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inaona yamezidi inayapunguza tena. Usinunue.

Kile cha sensa ya oksijeni kina akili zaidi. Sensa ya kiwandani inatoa volti ndogo, karibu 0.1 mafuta yakiwa machache na karibu 0.9 yakiwa mengi, na kontroli boksi inacheza katikati ili kubaki kwenye 14.7. Kifaa kinasogeza hiyo ishara kidogo ili pikipiki ikae kwenye mafuta zaidi kidogo. Kwa pikipiki ya silinda moja inayoshtuka kwenye resi ndogo utasikia imelainika, na joto la injini kwenye foleni linaweza kupungua. Mpaka wake ni kwamba kontroli boksi huisikiliza sensa hiyo injini ikiwa ya moto na mwendo umetulia. Ukifungua resi yote haiisikilizi, inatumia jedwali lake, kwahiyo kifaa kinachogusa sensa peke yake hapo hakina kazi. Kuna vinavyogusa injekta pia, na kuna vya juu zaidi kama PowerTRONIC ya Race Dynamics wa India ambayo inashika mafuta na muda wa cheche vyote viwili. Ila kama ekzosti na filta ni za kiwandani na pikipiki haina tatizo, sioni sababu ya wewe kutoa hela, bora ubadili tairi.

Hii inamhusu pia yule wa Kigamboni na wa Arusha. Ukifunga Power Commander ukaacha sensa ya oksijeni ya kiwandani inaendelea kufanya kazi, wewe unaongeza na kontroli boksi inapunguza, wanavutana. Ndo maana vingi vinakuja na kiplagi kidogo cha kuchomeka mahali pa sensa ili kontroli boksi iache kurekebisha. Usikitupe ukidhani ni cha ziada. Kichomeke kama maelekezo ya pikipiki yako yanavyosema, na sensa ya asili itunze kwenye mfuko.

SWALI: Kaka, nipo Houston Marekani, nina Harley na nataka kufunga tuna (kile kifaa cha kubadili mapu). Wenzangu wananiambia ni kosa kisheria, wengine wanasema kila mtu anafanya. — Msomaji wa ughaibuni

JIBU: Wenzako wa kwanza wana hoja. Agosti 2016 Harley-Davidson wenyewe walifikia makubaliano na serikali ya Marekani kuhusu tuna walizokuwa wanauza, zile za Super Tuner. Serikali ilisema takriban 340,000 ziliuzwa na kwamba zinafanya pikipiki itoe moshi kuzidi ilivyoidhinishwa. Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12, kuacha kuuza hizo tuna na kuzinunua zilizobaki madukani. Sheria yenyewe ni ya hewa safi na inahusu pikipiki za barabarani, kuchezea mfumo wa moshi ni kosa hata kama hakuna anayekusimamisha. Njia yako ni kutafuta kifaa chenye kibali cha California, wanakipa namba ya kibali inayoitwa EO, namba hiyo inaonyesha kimepimwa kwa modeli yako. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla hujalipa. Na soma karatasi ya waranti.

SWALI: Assalaam aleikum. Nipo Unguja, kiboksi kilifanya kazi vizuri, sasa mvua ikinyesha au nikiosha kwa presha injini inakata, ikikauka inarudi. Nimebadili mapu, haikusaidia. — Msomaji, Bububu

JIBU: Waaleikum salaam. Mapu haijui kama kunanyesha, kwahiyo iache. Hilo ni konekta, na kwa hewa ya chumvi ya pwani nategemea ukifungua ukute shaba imeota kijani.

Toa hasi ya betri kwanza. Chomoa konekta moja baada ya nyingine, zile za injekta, za throto na ya kranki, angalia kwa tochi ndani. Ya kranki uiangalie mara mbili maana ishara yake ikipotea hata kidogo injini inazima ghafla, haikohoi wala haipungui, inakufa tu. Penye kijani puliza dawa ya kusafisha konekta za umeme, sugua kwa mswaki laini, acha ikauke kabisa, kisha paka grisi ya silikoni ya umeme kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji. Sio grisi ya beringi. Angalia ule mpira upo na haujakunjika, nyingi zinapotea siku ya kwanza ya kufunga na hakuna anayegundua mpaka masika. Kama kuna sehemu iliungwa kwa tepu nyeusi, fungua, lehemu kwa risasi na vika ule mpira unaosinyaa kwa moto.

Ukitaka uhakika kama ni kiboksi au ni pikipiki, toa kiboksi chote, rudisha konekta za asili zikutane zenyewe, nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia ukiwa umesimama nje injini inaunguruma. Ikikata bado, kiboksi hakina hatia na unatafuta koili au kofia ya plagi. Na pampu ya presha usiielekeze chini ya siti wala chini ya tenki tena, hapo futa kwa kitambaa.

SWALI: Nikitaka kuuza pikipiki nikitoe kiboksi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kama unarudisha ekzosti na filta za kiwandani, kitoe, rudisha na sensa ya oksijeni mahali pake, halafu endesha siku kadhaa uone hamna taa ya injini inayowaka. Kama ekzosti ya wazi inabaki, kiache na umkabidhi mnunuzi na nakala ya mapu kwenye flashi, pamoja na karatasi inayosema ni ya ekzosti gani. Ukikitoa na ekzosti ikabaki wazi unamuuzia mtu pikipiki inayoenda na mafuta machache, na yeye hatajua mpaka injini ianze kuchemka.